Malisho ya Twiga

Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa sita baba yangu alifariki, nyumbani, asubuhi, kabla chai haijachemka. Tulimpoteza mtu ambaye hakuwahi kunidanganya. Kwenye wasifu uliosomwa msibani walisema alikuwa mkulima wa viazi na mwimbaji wa kwaya, sauti ya nne. Ni kweli yote. La twiga hawakulisoma. Mimi niliishia darasa la saba, lakini hilo naweza kuliandika.

Nilikuwa darasa la pili. Tulikuwa tunarudi Makambako kwa treni, tumetoka Dar es Salaam kumwona shangazi. Jioni, treni ikipita porini, twiga alisimama karibu kabisa na reli, anatafuna. Abiria wote wakaja upande wetu kwa kelele. Yeye alitutazama tu, hakuacha kutafuna.

"Baba, nataka yule."

"Yupi?"

"Twiga. Tumfuge nyumbani."

Mama alicheka mpaka akafunika uso kwa kitenge. Baba hakucheka. Alitazama nje mpaka twiga akapotea, ndipo akaniuliza, "Atakula nini kwetu?"

Kwetu ni kando ya barabara ya Njombe, kwenye baridi, na shamba letu lilikuwa viazi na mahindi. Hata hivyo sikuacha kuomba. Nilimwomba akipalilia, nilimwomba akipiga kiwi viatu vya kanisani. Baba mwingine angesema "tutaona" ili mtoto anyamaze, au angesema twiga anauma. Yeye alijibu neno lile lile: "Bado sijajua atakula nini." Na kweli alikuwa anatafuta.

Huku kwetu mtu akisema anapanda miti, ujue ni mipaini. Basi baba naye akaja na miche ya mipaini, tukaipanda nyuma ya nyumba mpaka karibu na barabara. Muda mfupi baadaye akaenda Makambako kuuza viazi, akakuta Mmasai anayeuza dawa za mizizi pale sokoni, akamuuliza. Aliporudi alikaa kwenye kigoda karibu yangu kabla hata ya kuvua koti.

"Nimekosea, mwanangu. Twiga hali mpaini. Anakula mgunga, na mgunga kwetu hauwezi baridi. Lakini muwati ni kama ndugu yake, majani yanafanana. Tutajaribu huo."

Tuking'oa ile miche, jirani yetu alisimama barabarani na baiskeli yake.

"Kamwene, jirani. Unang'oa mipaini unapanda miwati? Umeamua kuchoma mkaa?"

"Kamwene. Hapana, ni malisho."

"Ya ng'ombe gani anayekula miwati?"

"Ya twiga."

"Twiga wa nani?"

Baba alininyooshea mpini wa jembe. "Wa huyu."

Jumapili kanisa zima lilikuwa linajua. Shuleni wakaniita Twiga, na mimi ni mfupi mpaka leo.

Miwati ilipofika begani kwa baba, alinipeleka Njombe mjini kwa bwana mifugo. Tulivaa nguo za kanisani wote wawili. Yule bwana alidhani tuna ng'ombe mgonjwa. Baba alipomweleza, alianza kucheka, akaona baba hacheki, akaacha.

"Mzee, twiga ni wa serikali. Ukikutwa hata na mkia wake unafungwa. Hafugwi."

"Mwambie mwenye shida," baba akasema. "Mimi niliahidi kuuliza tu."

Bwana mifugo alizunguka meza, akachuchumaa mbele yangu, akanieleza yote upya. Nilimsikiliza mpaka mwisho.

"Na serikali ikimleta yenyewe?"

Alimtazama baba. Baba akatazama ukutani.

"Ikimleta yenyewe," bwana mifugo akasema, "sawa."

Njiani baba alininunulia maandazi. "Umesikia mwenyewe. Kwenda kumchukua hatuwezi. Akija, chakula kipo." Hakuniambia atakuja. Nimelifikiria hilo mara nyingi wiki hii. Ingekuwa rahisi kwake kuniambia atakuja.

Miaka ikapita, miti ikawa mirefu kuliko nyumba. Nyumba yenyewe ilikuwa ya nyasi na ilivuja. Nikiwa darasa la saba wakaja wachoma mkaa kutoka Makambako na lori, wakaitaka miwati yote, na bei yao ilitosha bati. Mama alifurahi. Baba aliwaambia wasubiri, akaniita kutoka jikoni.

"Miti ni yako. Twiga bado unamtaka?"

Nilikuwa msichana mkubwa. Nilijua hakuna twiga atakayepanda milima hii. Lakini hakuniuliza kama atakuja, aliniuliza kama namtaka.

"Namtaka, baba."

Akawageukia. "Mmesikia. Ina mwenyewe."

Mama alisema maneno masika ile yote, akihamisha sufuria kila palipovuja. "Mkiulizwa kwa nini tunanyeshewa, semeni ni kwa ajili ya twiga!" Baba alikuwa anamsaidia kuzihamisha. Bati tuliezeka baadaye, kwa viazi. Najua watu walimwona mjinga. Mimi, kesho yake baada ya wachoma mkaa kuondoka, nilikwenda shule nikitembea katikati ya barabara, maana sikumjua mtoto mwingine ambaye neno lake lilikuwa limerudisha lori tupu Makambako.

Msiba wa baba umeangukia kwenye baridi kali. Watu walikuja kutoka Mdandu, wengine kutoka Lupembe, na siku ya pili kuni zikaisha. Asubuhi majani yalikuwa meupe kwa umande ulioganda, na wazee wamejikunyata uani kuzunguka majivu. Vijana walichukua shoka wakaenda kwenye miwati. Ile ya kwanza ilishazeeka ikaanguka, hii ni iliyoota kwa mbegu zake. Baba mdogo akawazuia.

"Hiyo ina mwenyewe. Subirini."

Akaja mpaka jikoni, akasimama mlangoni, kofia mkononi. Mimi na wanawake wengine tulikuwa tunamenya viazi.

"Mama," akaniuliza, "twiga bado unamtaka?"

Nilidhani anatania ili nicheke kidogo. Nikamtazama usoni. Hakuwa anatania.

"Namtaka, baba mdogo," nikasema. "Lakini watu wana baridi."

Nikafuta mikono, nikatoka naye, nikawaonyesha mitatu ya upande wa barabarani. Wakaikata. Muwati hushika moto hata ukiwa mbichi, ila hutoa moshi. Wazee walikohoa, wakasogeza vigoda karibu.