Mkono wa Kushoto wa Noelene

Noelene Tranter alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia kwenye mashine ya kupasua kuni, mwezi wa sita, baridi ya mji wa Launceston ikiwa imeshika kweli kweli. Mwezi wa nane akarudi ofisini, kwenye kazi yake ya kufuatilia kina cha mito, akiwa na swali moja: huu mkono wa kushoto peke yake unaweza kufika wapi?

Kazi yote ilikuwa ndani ya dirisha jeusi la kompyuta, lile la kuandika amri, lisilojua kipanya. Humo mlikuwa na programu saba, kila moja na desturi zake, kama wake wenza wasiosemezana. Ya kusomea faili ilishuka kwa herufi d. Noelene akaipenda, maana iko kushoto. Siku ya tatu akajisahau, akaibonyeza mara saba kwenye programu ya barua pepe, akafunga. Kule d ni kufuta, na ukifunga hakuna kinachorudi.

"Barua saba!" Rex Hannaford, wa meza ya pili, alicheka hadi chai ikamwagika. "Mama wee, una vidole saba, kila kimoja kimeua barua yake!"

"Nicheke tu, mdomo ni wako."

Barua moja ilikuwa ya mzee Alwyn Peart, mfugaji wa Scottsdale, aliyewapimia mvua shambani kwake. Ikabidi ampigie simu, akaungama.

"Yaani herufi hiyo hiyo, huku inashuka, kule inafuta?"

"Ndivyo, mzee."

"Basi aliyezipanga hajawahi kukamua. Zizini kwangu mkono mmoja uko kwa ng'ombe daima. Kila mpini, ukiuvuta unafungua, ukiusukuma unafunga. Maji, maziwa, lango. Sisomi kitu, binti yangu. Mkono unajua mahali."

Mahali! Kumbe Noelene alikuwa akifuata majina ya herufi. Mchana ule ule akazifunika herufi zote kwa plasta nyeupe. Kitufe cha herufi kubwa, ambacho hakuna programu iliyokihitaji, akakigeuza kiwe cha kubanwa na kidole kidogo. Kikibanwa, kidole cha kati kikienda juu ni kupanda, kikienda chini ni kushuka; cha pete kurudi, cha shahada kwenda mbele. Kufuta akakuweka mbali, ambako kidole hakifiki mpaka kinyooshwe.

Wiki tatu alizifunza programu zile moja moja, kila moja akiiandikia faili la mipangilio yake, akijaribia kwenye nakala za barua. Sita zikatii.

"Hebu nipe na mimi hayo mafaili yako," Rex akasema siku moja, simu mkononi.

"Ya nini? Wewe si una mikono miwili?"

"Mmoja umeolewa na simu, dada. Usinichimbe."

Akampa. Programu ya saba, inayochora kupanda na kushuka kwa mto, inakataa hadi leo. Kila Ijumaa baada ya chakula Noelene huifungua, akasoma maandishi yake ya ndani mstari kwa mstari, akitafuta inavificha wapi vitufe vyake.