Walisema Amelewa Ulanzi

Juzi hapa kijijini Nyololo, nyigu alimuuma mjukuu wangu shingoni, midomo ikavimba, akaanza kukoroma. Jirani akasema, "Bibi, mpake majivu alale." Nikamjibu, "Lala wewe!" Nikamfunga mtoto mgongoni, nikapanda bodaboda kwenda zahanati.

Njiani ilinijia harufu ya ulanzi, ile pombe ya mianzi, na nikamkumbuka mdogo wangu Semeni. Mchana ule, tukiwa bado watoto, tulikuwa kwenye mianzi ya baba, tunanyonya ulanzi mtamu kwenye mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia. Nyigu walikuwa wanavuma humo humo. Mmoja akamuuma mdomoni. Mara uso ukajaa, vipele mwili mzima, miguu ikalegea. Nikamburuta mpaka nyumbani, nalia, "Nyigu!"

Shangazi alimnusa kinywa, akacheka. "Nyigu gani? Mmelewa nyie. Kamlaze."

Nikaamini, maana Semeni aliongea kilevi kweli. Nikamfunika kanga, nikakaa namsikiliza. Pumzi yake ililia kama filimbi, halafu filimbi ikanyamaza. Nikafurahi, nikijua sasa amelala vizuri.

Zahanati walimchoma mjukuu sindano ya paja, akapumua. Nesi akasema kuna miili haiwezi sumu ya nyigu, koo linaziba, ukichelewa basi. "Bibi, nani alikufundisha kuwahi hivi?"

"Mdogo wangu," nikamwambia.

Darasani sikukaa, lakini hili nalijua. Atakayeniambia tena mtoto aliyeumwa na nyigu aachwe alale, atalala yeye.