Sahani ya Rangi ya Chungwa

Juzi, katika duka la vitu vya kale huko Kensington, niliona sahani nzito ya udongo ya Kimarekani, rangi ya chungwa. Pua yangu ikakumbuka sabuni ya jiko la watu ambako mama alikuwa akifanya kazi ya usafi nilipokuwa mtoto. Bibi mwenye nyumba alijaza kabati sahani kama hizo, wala hazikuguswa.

Alasiri moja ya likizo, aliponichukua kazini, mama alitoa sahani yake ya bati chini ya sinki, tukala tumesimama. Nilidhani ni heshima, mtu kutengewa sahani yake peke yake.

“Na mimi watanipa yangu?” nikauliza.

Mama akafungulia bomba, maji yakapiga sinki kwa kishindo.

Ile ya chungwa niliinunua. Mama anaijaza bugali na sombe, yale majani ya muhogo, kila siku. Wamama wa kanisani wanashangaa: “Hii si ya kuwekwa kabatini?”

“Kabati lilishashiba,” anawajibu. “Sasa ni zamu yangu.”