Sahani Moja ya Mama na Ilunga

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa maji, hapa Nchelenge, kando ya ziwa, mama yangu alishukiwa kumla mdogo wangu, Ilunga. Si kwa meno. Walidai anamla kichawi, mafuta ya mtoto yanahamia kwake.

Ushahidi ulitembea mchana kweupe. Mama alikuwa mnene hasa. Akipanda boti ya kwenda Kilwa, kisiwa cha ziwa letu, abiria wengine walihamishiwa upande wa pili. Ilunga, wa miaka minne, alikuwa mbavu na kichwa, kaptula imefungwa kwa kamba. Wakiingia kanisani pamoja, watu walisahau kuimba.

Basi bibi mzaa baba, tuliyemwita Kambo, akavuka ziwa kutoka Pweto kuja kuamua kesi.

"Mutoto anakauka, mama anavimba," alisema kabla hata ya kutua mzigo. "Mafuta ya mutoto inaenda wapi?"

"Mama, Ilunga anakulaka bukari kila siku," mama alijibu.

"Na weye unakulaka nini? Yeye!"

Hukumu ikatoka. Mama na Ilunga wangekula sahani moja, uani, majirani wakiona, na mama asitie kitu mdomoni nje ya sahani hiyo. Mla watu, alisema Kambo, hukabwa koo akila na yule anayemla. Mama akikabwa, au mtoto akiendelea kukauka hadi mvua ziishe, Ilunga angepelekwa Pweto na mama angerudishwa kwao. Baba, aliyemwogopa mama yake kuliko mamba, akaitikia.

Hapa niseme tulivyokuwa tukila. Samaki alikuwa wa baba. Sisi watoto tulipata bukari, yaani ugali wa muhogo, na mchuzi ambao samaki alipita tu kuoga. Mayai hatukuyagusa. Kambo mwenyewe alifundisha kwamba mtoto akila yai anakuwa mwizi. Mama naye alikaanga vitumbua vya kuuza kwenye soko la samaki, na vilivyobaki jioni alivimaliza kwa chai ya sukari nyingi, maana kutupa chakula ni dhambi. Hakuna aliyehesabu kwamba huko nako ni kula.

Siku ya kwanza majirani walikuja na viti. Kambo alitaka samaki mzima, ili uchawi usipate pa kujificha, na baba akaambulia mchuzi. Ilunga alimtazama yule samaki kama mgeni kutoka Ulaya. Kisha akamvamia. Mama alipoosha mikono akakuta miiba.

"Kambo!" jirani mmoja akapiga kelele. "Sasa ni mutoto anakula mama!"

Uani pakawa kicheko. Kambo hakucheka, aliendelea kulinda sahani. Baadaye mama akaweka yai juu ya bukari. Kambo alilitazama muda mrefu, nadhani akaona afadhali mwizi aliye hai, akageuza uso.

Mvua zilipoisha Ilunga alikuwa na mashavu, na magauni ya mama yalimpwaya. Kambo akatangaza kwamba mafuta yamerudi kwa mwenyewe, akapanda boti na gunia la chisense, dagaa wetu wadogo, kama shukrani ya mganga. Kesi ikafungwa.

Kwa miaka mingi nimewachekesha watu kwa kisa hiki. Hakukuwa na mchawi, nawaambia, kulikuwa na vitumbua huku na mchuzi kule. Juzi nilikisimulia mbele ya mama, ambaye sasa ni mzee. Wajukuu walicheka, yeye hakucheka. Walipotoka nikamuuliza kama bado ana hasira na Kambo.

"Hasira ya nini, Odia? Na mi niliamini," alisema. "Banasema mutu anaweza kula mwenzake bila kujua. Usiku nilikuwa nalala chini, mbali na Ilunga. Akilia, nilikuwa naogopa kumubeba."

Nilikuwa nalala chumba hichohicho, na sikuwahi kujua. Nilimshika mkono mama yangu, tukakaa hivyo hadi chai ikapoa.