Nyumba Nyeupe, Mlango Mwekundu

Wapo watakaosema niliota, na wapo watakaosema yule mama alikuwa mgonjwa wa akili tu. Sina ugomvi nao. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni pangu, sijalala, sijalewa, na jua lilikuwa bado halijazama. Nakueleza nilichokiona. Ukiamini, heri. Usipoamini, shauri yako.

Kijiji chetu kipo kando ya mto Kilombero, si mbali sana na Ifakara kwa pikipiki. Nilikuwa nikiishi pale na Skola, mtoto wa marehemu dada yangu. Alikuwa darasa la tatu, mwenye maneno kama kasuku. Mimi sikujaliwa kuzaa, kwa hiyo Skola ndiye mtoto wangu, na sina mwingine.

Shuleni kwao kulikuwa na kitabu cha picha kilicholetwa na wageni, cha kuwajulisha watoto kijiji kidogo cha huko Marekani, nacho kipo kando ya mto. Mwalimu aliwatafsiria. Binti wa Kizungu amesimama mbele ya nyumba nyeupe yenye mlango mwekundu, anasema karibu kijijini kwetu. Nyuma yake mto, daraja la mbao na kanisa dogo. Basi Skola akakipenda kile kijiji kupita kiasi. Akawa anakikariri asubuhi na jioni, ila penye jina la yule binti anaweka la kwake.

Sasa sikiliza. Kwetu, mtoto haitwi jina lake akiwa mtoni. Ukichota maji au ukiosha vyombo utamwita "wewe" au "bibi", jina linabaki nyumbani. Bibi yangu alinifundisha hivyo, naye alifundishwa huko Mahenge kabla hawajashuka bondeni kulima mpunga. Sababu hakuniambia, nami sikuuliza. Kwani wewe umewahi kuuliza sababu ya kila ulichofundishwa?

Siku hiyo ilikuwa kiangazi, tumeshuka kuosha masufuria alasiri. Mimi nasugua kwa mchanga, mtoto kapanda juu ya gogo, kaugeukia mto anahutubia.

"Karibu kijijini kwetu. Naitwa Skola. Kijiji chetu ni kidogo, kipo kando ya mto. Nyumba yetu ni nyeupe, mlango wake mwekundu. Nina paka mmoja. Njoo ututembelee."

"We bibi, nyamaza," nikamwambia, lakini alikuwa ameshamaliza.

Nikainua macho. Katikati ya maji kulikuwa na mtumbwi, na ndani yake mama mmoja wa makamo, kajifunga kitenge, kakaa wima. Hana kasia, hana upondo, mikono yake ipo mapajani. Na ule mtumbwi ulikuwa unapanda mto, kinyume cha maji. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Alikuwa anamtazama Skola huku midomo yake inachezacheza, anakariri. Niliogopa, sikufichi. Nilikusanya masufuria hata hayajasuuzwa, nikamshika mtoto mkono, tukapanda nyumbani.

Jua linaelekea kuzama, nikiwa napepeta mchele mlangoni, nikamwona anakuja kwa njia ya mtoni. Anasimama kila nyumba, anatazama mlango, anapita. Kitenge chake kilikuwa kinachuruzika maji. Skola alikuwa ameketi pembeni yangu, bega lake limegusa langu.

Akasimama mbele yetu. Hakubisha hodi.

"Namtafuta Skola," akasema. "Kijiji kidogo, kipo kando ya mto. Nyumba nyeupe, mlango wake mwekundu. Ana paka mmoja. Amenikaribisha."

Niamini. Ile haikuwa sauti ya mtu mzima. Ilikuwa sauti ya Skola mwenyewe, na pale Skola alipovuta pumzi akikariri kule mtoni, naye alivuta pumzi pale pale. Lakini yule mama hakumtazama mtoto hata kidogo. Macho yake yalikuwa kwenye ukuta wetu wa udongo na mlango wetu wa bati lenye kutu. Alikuwa anatafuta nyumba.

"Hapa hakuna nyumba nyeupe, mama," nikamwambia. Na ilikuwa kweli, kijiji kizima hakikuwa nayo.

"Nitaiona," akasema, akaenda kwa jirani.

"Mamdogo, mbona umemdanganya?" Skola akaniuliza. "Si ananitafuta mimi?"

Nikamwambia anamtafuta Skola mwingine. Kabla ya mvua tulikuwa tumeshahamia Mlabani, Ifakara mjini, na huko ndiko nilikomsomesha mpaka akawa fundi cherehani mwenye wateja wake. Nikadhani yamekwisha.

Mwaka huu Skola amejenga. Amejenga kwa jasho lake, kwenye kiwanja cha marehemu mama yake, kule kule kando ya mto. Rangi hakunieleza, alitaka kunifurahisha. Jumapili iliyopita baada ya misa akanichukua, tukaenda. Nikaiona kwa mbali. Nyeupe, mlango mwekundu, paka amelala dirishani.

"Unakikumbuka kile kitabu, mamdogo?" akaniuliza, uso wote unacheka.

Kizingiti kilikuwa kimelowa, nikamuuliza kama amepiga deki.

"Hapana. Kuna mama alipita hapa asubuhi, kalowa, maskini. Akasema nilimkaribisha zamani. Kaniuliza kama nimeshahamia, nikamwambia nalala hapa leo."

Hakulala pale. Nilimkokota mpaka barabarani mbele za watu, mtu mzima na fani yake. Kesho yake nikaupaka ule mlango rangi nyeusi kwa mkono wangu, lakini jirani wa kule ananiambia kizingiti kinaamka kimelowa kila siku. Sasa Skola yupo kwangu Mlabani, amenuna, anasema nimechanganyikiwa, anataka kurudi kwake. Mimi natandika mkeka mlangoni, nalala mgongo umeegemea mlango.

Wewe mwenye watoto, wafundishe kujitambulisha, ni adabu njema. Ila wakifika mtoni wanyamaze, hata wakisema ni mchezo wa shule. Na akija kwako mama aliyelowa anatafuta nyumba nyeupe, mwambie hapa hakuna. Nakuomba sana, usimwelekeze Mlabani.