Ngao Iliyoganda Mkononi mwa Mume Wangu

Sherehe ya utamaduni ya Wakenya wa hapa Mississauga, Kanada, haikosi shujaa, na mwaka ule kamati ilimteua mume wangu. Ana kifua kipana, halafu hakuwepo mkutanoni akatae.

Ngao ilikuwa ya mbao, imevikwa ngozi ya ng'ombe, nzuri kabisa, ila haikuwa na mkanda wa kuibebea. Kamati ikakutana tena. Mweka hazina alipendekeza mkanda mrefu wa begani, maana babu zetu walitembea mbali na mkono huchoka.

"Shujaa hatundiki ngao begani kama mkoba wa mama mkwe," mwenyekiti akasema. Yeye amezaliwa na kukulia Nairobi mjini, na silaha pekee niliyowahi kumwona nayo ni koleo la theluji. "Inafungwa mkononi, tena inakazwa. Adui akiivuta, aivute pamoja na mwenye ngao."

Tukapiga kura, tukaomba, tukatawanyika. Mkanda ukapatikana: ule wa kufungia sanduku la safari, wenye kifungo cha plastiki. Siku yenyewe mwenyekiti aliukaza kwa mikono yake, na kwa kuwa alisimama akitazamana na mume wangu, alichanganya pande akaufunga mkono wa kulia badala ya kushoto.

Ngoma ilipokwisha, shujaa alirudi mezani vidole vimevimba. Kifungo kikakataa kufunguka. Mwenyekiti alivuta, mweka hazina akavuta, mchungaji akakishika na kufumba macho.

"Mama watoto, nina njaa," mume wangu akaninong'oneza.

Kula kwa kushoto mbele ya wazee hakuwezekani, basi nikamlisha pilau kwa kijiko. Mgeni mmoja Mkanada akauliza kama ni desturi yetu mke kumlisha shujaa atokapo vitani.

"Ya kale sana," mwenyekiti akajibu bila kupepesa.

Simu zikatolewa, tukapigwa picha. Nilitamani ardhi inimeze.

Mimi ni muuguzi, mkasi haukosi mkobani mwangu. Nikautoa.

"Usikate! Huo ni urithi!" mwenyekiti akapaza sauti.

Nikakata. Damu iliporudi vidoleni mume wangu alipiga ukelele ulioshangiliwa kuliko ngoma nzima.

Mwaka uliofuata mwenyekiti alinipigia simu. Kumlisha shujaa kulikuwa kumeingizwa kwenye ratiba, na mazoezi yangeanza Jumamosi.

"Nitakuja," nikamwambia, "mradi shujaa uwe wewe, na mkanda nikukaze mimi."

Akasema atashauriana na kamati. Jumamosi ikapita kimya.