Fahali Mwenye Mimba

Simu ilinikuta Migori, nikila chapati na maharagwe karibu na stendi. Aliyepiga alikuwa daktari wa mifugo wa ushirika mmoja bondeni Lambwe, ambaye nilikuwa nimemtengenezea mashine ya kuhifadhi habari za ng'ombe.

"Injinia," akaninong'oneza, "mashine yako inasema fahali ana mimba."

"Labda umesoma ng'ombe mwingine."

"Nimemsoma yeye mwenyewe. Miezi mitano. Na mwenye fahali yuko hapa, amekasirika."

Mashine hiyo ilikuwa kisanduku kilichofungwa kwenye pikipiki ya daktari na kutumia umeme wa betri ya pikipiki hiyo hiyo. Kila ng'ombe wa ushirika alivaa hereni ya plastiki sikioni. Daktari alisogeza kifimbo cha kusomea karibu na hereni, kioo kikaonyesha chanjo, magonjwa na uzazi wa mnyama huyo, naye akaongeza habari za siku hiyo.

Aliniletea kisanduku Migori. Nilinakili faili ya hifadhidata, nikaifanyia ukaguzi, na jibu likaja bila huruma: faili imeharibika. Ilionekana kama kitu kilikatizwa katikati ya kuandika, na habari za mtamba wa jirani zikaangukia kwenye nafasi ya fahali. Niliokoa zilizosomeka, nikaziingiza kwenye faili mpya, nikabadilisha na kadi ya kumbukumbu, kwa sababu ndiyo niliyoishuku. Nikaijaribu mezani kutwa nzima. Haikukosea hata mara moja.

Wiki haikuisha kabla simu haijalia tena.

"Amezaa," daktari akasema. "Pacha."

Kufikia hapo habari zilikuwa zimefika sokoni Homa Bay, na watu walikuwa wakipita kwa yule mzee mwenye fahali kuulizia maziwa. Nikaona niende mwenyewe.

Tulizunguka boma kwa boma, mimi nimeketi nyuma ya pikipiki na kompyuta kifuani. Baada ya kila ng'ombe niliikagua faili. Nzima. Daktari alikuwa mtu wa taratibu: anamsalimia mwenye boma, anamkuna ng'ombe shingoni, anasoma, anaandika, anasubiri chai. Nilianza kuona aibu kwamba nimefunga safari bure.

Kisha tukafika kwa mzee wa fahali. Mnyama alikuwa mweusi, mpana kama mlango wa kanisa, amefungwa kwa kamba ambayo sikuipenda. Daktari hakuzima pikipiki mpaka alipoigeuza ikatazama njia. Akarefusha mkono, akasoma hereni, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Fahali akakoroma. Papo hapo daktari akaruka juu ya pikipiki na kubonyeza stata ya kuwasha injini.

Kioo cha mashine kikazimika, kikawaka upya.

"Hapo! Hapo hapo!" nikapiga kelele. "Ukibonyeza stata, inanyonya nguvu yote ya betri! Mashine inakufa kabla haijamaliza kuandika!"

"Panda!"

"Rudia kwanza, nataka kuhakikisha!"

"Nirudie nini? Panda, ama nikuache na yeye!"

Kamba ikakatika. Nilipanda bila kujua nimepandaje, nikiwa nimekumbatia kompyuta na nusu ya koti la daktari. Tulisimama mbali barabarani, tukaikagua faili. Ilikuwa imeharibika tena. Sijawahi kufurahia hasara kiasi hicho.

Mzee alitufuata akiwa amemshika fahali puani, anatembea naye kwa upole kama mtoto wa shule.

"Kwa hivyo si mashine, nyathina," akaniambia, maana yake mwanangu, nilipokwisha kumweleza. "Ni huyu daktari anaogopa."

"Ai yawa, mzee," daktari akasema, "wewe ungekuwa mimi ungengoja?"

"Mimi namlisha kwa mkono."

Niliinunulia mashine betri yake yenyewe, isiyohusiana na stata, na nikabadilisha programu iandike kwanza pembeni, ihakikishe, ndipo iguse faili kubwa. Habari chache hazikuokoka, ikabidi daktari arudi kuwauliza wenye ng'ombe. Fahali akarudi kuwa fahali. Daktari bado anakimbia akishamsoma, lakini sasa anakimbia bila kuharibu kitu.